Tausi Alikuwa Wapi Usiku wa Ijumaa?

Tausi alikwama tena kwenye neno "baba."

Ilikuwa mara ya tatu wiki ile. Alikaa upande wa pili wa kioo na kanga yake ya siku zote, akinieleza vizuri tu namna ya kumvusha mtoto anayeogopa kutazama chini. Nikamuuliza swali ninalowauliza wakazi wote wa Ng'ambo ninapowakagua: "Usiku Daraja la Mnyororo lilipoanguka, ulikuwa wapi?"

"Kwenye nguzo ya tatu, na msumeno mkononi," akasema. "Nilikuwa nimekaa kitandani, nampa uji ba—"

Mdomo ukabaki wazi. Kope hazikucheza.

"Nilikuwa kwenye nguzo ya tatu. Nilikuwa nampa uji ba—"

"Basi, Tausi. Inatosha."

Akarudi taratibu, akajipangusa uso kama mtu aliyeamshwa. "Samahani, Bi Mtunzaji. Nimeanza kuzeeka, nini?"

Hajazeeka. Ana miaka thelathini na minne tangu mchezo wa Ng'ambo ulipoanza, na huu ni mwaka wa kumi na nne mchezo unachezwa. Watu milioni kadhaa, kutoka Kigoma hadi Lamu, huvaa miwani yao wakaingia mjini kwake, na wa kwanza kuwapokea ukingoni mwa korongo ni yeye, Tausi Kirago, mvushaji. Wengine huingia wakamaliza safari zao. Wengine, hasa waliofiwa, huingia kukaa naye tu. Hasemi mengi, ila anajua kukaa na mtu.

Lwitiko, fundi wetu wa mashine, aliinua macho kwenye kipimo. "Sekunde tisa, Dada Hawa. Jumatatu zilikuwa nne. Zikifika thelathini, Mzani utamzima wenyewe, na mimi sitakuwa na la kufanya."

"Hazitafika. Jumamosi saa sita mchana tunafunga Daftari, na moja kati ya hadithi zile mbili itakuwa imeondoka."

"Ipi?"

"Unajua ipi," nikamwambia, nikaenda kunywa chai.

*

Nieleze kazi yangu, maana kuna watu mitandaoni wanaoniita mchawi.

Ng'ambo haikuandikwa na mtu mmoja. Kampuni ilijenga mji, korongo na daraja, ikawapa wakazi majina na sura, halafu ikawaachia mashabiki waandike maisha yao. Hadithi yoyote ya shabiki ikipitishwa na Meza yetu hapa Morogoro, inaitwa hadithi halali. Isiyopitishwa ni ya pembeni. Isome, ipende, ichapishe ukitaka, lakini mkazi mwenyewe haijui. Iliyo halali inaingizwa kwenye mashine tunayoiita Mzani. Mzani unaikata vipande: nani, wapi, lini. Kila kipande kinakuwa kumbukumbu ya mkazi, naye anaibeba kama mimi ninavyobeba harufu ya jiko la bibi yangu. Hakumbuki kusimuliwa. Anakumbuka kuwapo.

Ndiyo maana hatuwezi kuacha hadithi zigombane. Mkazi akiwa mahali pawili kwa wakati mmoja, anayumba. Anaganda katikati ya sentensi, anarudia, mwishowe anazimika. Kwa hiyo kila miaka michache tunafunga Daftari: migongano yote inaamuliwa, hadithi iliyoshindwa inafutwa kichwani mwa mkazi, na kinachobaki ndicho kilichotokea. Mtunzaji wa Daftari ni mimi, Mwanahawa Shekue. Nimeamua migongano zaidi ya elfu nne na sijapoteza usingizi hata mara moja. Naisema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nataka ujue nilivyokuwa asubuhi ile ya Jumatano.

Mgongano wa Tausi ulikuwa rahisi kuliko yote. Upande mmoja kulikuwa na "Nguzo ya Tatu" ya Ignas Luvanda wa Mafinga, hadithi inayopendwa kuliko zote. Ijumaa ya mwisho ya kiangazi, saa tatu usiku, moto unakimbia juu ya daraja kuelekea mjini, na Tausi anaukata mnyororo. Watu arobaini bado wako juu ya daraja. Mji wenye watu elfu tisa unapona. Tausi anafanya hivyo bila kutoa chozi, tena akiwa peku, na mashabiki wamegombana miaka tisa kuhusu miguu ile. Kuna waliosema ni alama ya unyenyekevu. Kuna aliyeandika kurasa sitini kuhusu ardhi na nyayo. Msimu mpya wa mchezo, ambao kampuni ilikuwa imeutangaza kila kona, ulijengwa wote juu ya usiku ule.

Upande wa pili kulikuwa na "Uji wa Mtama" ya Bi Siti Mwinchande wa Pangani, kurasa kumi na moja. Usiku wa Ijumaa ya mwisho ya kiangazi, Tausi amekaa kitandani kwa baba yake mgonjwa, anamlisha uji kwa kijiko hadi baba anapoacha kumeza. Alfajiri majirani wanaingia, kandambili zinajaa mlangoni, basi. Imeishia hapo.

Kurasa kumi na moja dhidi ya msimu mzima. Bi Siti alikuwa ametuandikia mara nne kwamba hakuna mgongano wowote, na mara nne nilimtumia barua yetu ya kawaida ya kumshukuru kwa mapenzi yake kwa Ng'ambo. Sikuwahi kuisoma barua yake hata moja hadi mwisho.

Kilichonisumbua kidogo, na Lwitiko ndiye aliyenionyesha, ni kwamba ule utulivu wa Tausi kwa wafiwa unatokea kwenye kurasa zile kumi na moja. Ukizifuta, Tausi atawavusha watu vilevile. Atakuwa tu hajui kukaa nao.

*

Bi Siti alikuja mwenyewe. Nilirudi na kikombe changu nikamkuta mapokezi, mwanamke wa miaka sabini hivi, mnyoofu, na kikapu cha visheti mapajani.

"Wewe ndiye Mwanahawa? Binti Shekue wa pale Bweni, ng'ambo ya mto?"

"Ndiye, Bi Siti. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nilimjua bibi yako. Nilimchoma sindano huyo hadi akaniita adui." Akacheka, kisha akaacha. "Nimekuja umwambie yule mtoto mbele yangu kwamba unamfuta baba yake. Ukiweza kumwambia, nitaondoka na sitakuandikia tena."

Nikampeleka ofisini. Sikutaka, lakini mtu aliyemchoma bibi yako sindano huwezi kumwacha mapokezi. Nikamweleza taratibu, kwa sauti yangu ya kazini, jinsi Mzani unavyofanya kazi, na kwamba Tausi hawezi kuwa kwenye nguzo na kitandani usiku mmoja. Bi Siti alisikiliza huku akimlisha Lwitiko visheti.

"Mimi nilikuwa muuguzi miaka thelathini na nane," akasema nilipomaliza. "Baba yangu alifariki mimi niko zamu, namlisha uji baba wa mtu mwingine. Sikuandika ili nisifiwe. Nilitaka pawe na mahali, popote pale, ambapo binti alikuwepo. Sasa yupo. Anakumbuka. Wewe unataka kwenda kumwondoa kitandani."

Nikakishika tena kikombe changu. Lwitiko ndiye aliyeokoa hali, kwa ukarimu wake wa Kinyakyusa. "Bibi, leo usirudi, umechoka. Tutakupa chumba cha wageni."

"Kesho asubuhi na mapema lakini niwe njiani, baba. Lazima niwe nyumbani usiku wa Ijumaa, tuna hitima ya mzee."

"Basi hakuna haraka," akasema Lwitiko. "Nitakukatia tiketi ya basi la Ijumaa asubuhi. Saa nane mchana uko Pangani, unapumzika kabisa, shughuli usiku."

Bi Siti alimtazama kama anavyotazamwa mgonjwa anayeweweseka. "Ijumaa asubuhi? Nikifika hiyo Ijumaa mchana si nitakuta sufuria zimeshaoshwa? Nimekwambia usiku wa Ijumaa. Kesho, jua likizama."

"Kesho ni Alhamisi, Bibi."

"Mchana wake ndiyo Alhamisi."

Nilikiweka kikombe mezani. 

Kwetu Pangani siku huanza jua linapozama. Ndiyo maana saa moja ya usiku ni saa ya kwanza, inaanza kuhesabiwa gizani. Usiku wa Ijumaa ni usiku ule unaoingia Alhamisi magharibi na kukabidhi asubuhi ya Ijumaa. Mtu wa bara akisema usiku wa Ijumaa anamaanisha Ijumaa usiku, na sisi wa pwani Ijumaa usiku tunaiita usiku wa Jumamosi. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma. Bibi alinifundisha kwa kunizuia kufagia baada ya magharibi ya Alhamisi, kwa sababu, alisema, Ijumaa imeshaingia.

"Bi Siti," nikasema, "ulipoandika, ulikuwa umeshasoma hadithi ya Luvanda?"

"Mara tatu. Kijana anaandika vizuri. Nilimfisha mzee usiku ule makusudi, ili asiyaone ya kesho yake." Akanikazia macho. "Si nimeyasema yote hayo kwenye barua? Hukusoma? Nikadhani, huyu ni mtoto wa nyumbani, ataelewa hata nikiandika kwa mkato."

Hakukuwa na mgongano. Tausi alikuwa kitandani Alhamisi usiku, na kwenye nguzo Ijumaa usiku. Baba alikufa alfajiri. Akazikwa mchana. Saa tatu ya usiku uliofuata, binti yake aliushika msumeno.

*

Mashine haikukosea. Mzani husoma tarehe kwa Kanuni ya Nne ya Daftari: *Siku huanza saa sita usiku na huisha saa sita usiku inayofuata.* Kanuni ile niliiandika mimi, miaka kumi na moja iliyopita, kwenye ukumbi wa hoteli, kati ya chai na chakula cha mchana. Hakuna aliyeihoji. Niliiandika haraka, na niliiandika kama mtu wa ofisi, nikaacha nyumbani kwetu nje ya mlango.

"Lwitiko," nikasema, Bi Siti alipokwenda kuswali adhuhuri, "ni hadithi ngapi tulizofuta kwa mgongano wa usiku, ambazo zilisema 'usiku wa' siku fulani?"

Alikuwa ameshaanza kutafuta. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mia mbili na kumi na mbili. Waandishi wake karibu wote ni wa Tanga, Mombasa, Unguja, Kilwa. Lamu wako kumi na tisa."

Aibu ilinishika shingoni ikapanda hadi masikioni. Tulikuwa tukisema miaka yote kwamba waandishi wa pwani hawana umakini na tarehe. Mimi mwenyewe, mtoto wa Pangani, nililisema hilo kwenye warsha, watu wakacheka, nikacheka nao.

Dada Koku, mkurugenzi wetu, alikuja kabla ya saa nane. Ni mwanamke wa Bukoba asiyepoteza maneno, na ninampenda kwa hilo.

"Nimeelewa," akasema nilipomaliza kumweleza. "Hongera, mmemwokoa Tausi. Lwitiko, hamisha hadithi ya bibi kwenda Alhamisi kwa mkono, weka maelezo ya pekee, Jumamosi tufunge."

"Na hizo mia mbili na kumi na mbili?" nikauliza.

"Zilishafutwa, Hawa. Wakazi wamejenga maisha juu yake. Yule Shani muoka mikate, mlimfutia ndoa mwaka wa tano, sivyo? Tangu hapo ameandikwa mara ishirini kuwa hana mume wala haja naye, amefungua duka, ameasili watoto. Leo umrudishie bwana harusi kichwani? Utamponya au utamvunja?"

Lilikuwa swali la haki. Nilimfikiria Shani na unga wake mikononi. Nilifikiria pia jina langu chini ya Kanuni ya Nne, na jinsi ilivyokuwa rahisi: kubofya mara moja, Bi Siti anarudi na furaha yake, msimu unafunguliwa, na hakuna mtu duniani atakayejua. Sitajifanya kwamba sikuitamani njia ile. Niliitamani kwa dakika nzima.

Halafu nikakumbuka barua nne ambazo sikuzimaliza.

"Nikiweka maelezo ya pekee," nikasema, "nitakuwa nimesema Bi Siti ndiye aliyeandika kwa namna ya ajabu, tukamhurumia. Yeye hakuandika kwa namna ya ajabu. Aliandika Kiswahili. Kanuni ndiyo haikujua Kiswahili, na kanuni ni yangu. Leo jioni naitangazia Meza na waandishi wote kwamba nilikosea. Kanuni ya Nne inafutwa. Kila hadithi itasomwa kwa siku ya mwandishi wake."

"Na Daftari?"

"Halifungwi Jumamosi."

"Na Shani?"

"Tutamuuliza Shani. Mmoja mmoja, wote. Elfu nne niliamua bila kumuuliza mkazi hata mmoja. Atakayetaka kumbukumbu yake atarudishiwa, atakayekataa tutaheshimu, na hadithi yake itabaki halali kwenye kitabu hata kama haiko kichwani mwake."

Koku alitazama kioo ambacho upande wake wa pili Tausi alikuwa akikunja kamba. "Unajua wenye kampuni watataka mtu wa kumtoa kafara."

"Jina liko chini ya kanuni, Dada. Hawatahangaika kutafuta."

"Na kama mkazi akikataa? Kama huyu hapa akisema hataki?"

"Basi atakuwa amesema," nikajibu. "Tuanze naye."

*

Tulimwita Bi Siti akae karibu nami. Tausi alimsalimia kama anavyomsalimia kila mgeni, hakumjua. Bi Siti alishika ncha za mtandio wake asiziachie.

Nilimweleza Tausi kila kitu, jambo ambalo hakuna kanuni iliyoniruhusu. Nikamwambia kwamba ana kumbukumbu mbili zinazogombana, na kwamba kosa ni langu, wala yeye hajazeeka.

"Naweza kuziweka zote mbili, moja usiku wa kwanza, nyingine usiku wa pili," nikasema. "Utaacha kukwama. Lakini utakuwa mtu aliyefiwa na baba alfajiri, akamzika mchana, akakata mnyororo usiku, na watu arobaini wako juu yake. Sasa hivi unazibeba vipandevipande. Nikiziunganisha utazibeba zote, kwa mpangilio, kila siku. Naweza pia kukuondolea moja. Chagua ipi. Au kataa yote, nitafute njia nyingine."

Tausi aliitazama mikono yake.

"Nikiondoa ya kitandani, nitamjua baba?"

"Utajua ulikuwa na baba. Hutajua alivyoondoka."

"Na nikiondoa ya daraja?"

"Wale arobaini watakuwa wameanguka, na hutajua kwamba ni wewe."

Akafikiri. Lwitiko aliniambia baadaye kwamba zilikuwa sekunde kumi na moja, lakini hakuwa ameyumba. Alikuwa akifikiri tu.

"Nipe zote," akasema. "Ni zangu."

Nikampa Lwitiko ishara kwa kichwa. Hakuna taa iliyowaka, hakuna mlio. Kope za Tausi zilishuka, zikapanda. Kisha akaweka kamba chini, na machozi yakamtoka, ya kwanza kwa miaka tisa, bila sauti, akiwa ameketi wima vilevile. Tulimwacha. Bi Siti ndiye aliyejua la kufanya, yaani hakufanya kitu. Alikaa naye.

Alipojipangusa nikavuta pumzi, nikamuuliza lile swali. "Usiku daraja lilipoanguka, ulikuwa wapi?"

"Nguzo ya tatu," akasema. Hakukwama. "Nilikuwa nimetoka msibani kwa baba. Nilisikia watu wanapiga kelele za moto nikatoka mbio."

Lwitiko hakuweza kujizuia. Yeye ni shabiki kabla ya kuwa fundi, na najua amesoma zile kurasa sitini za nyayo na ardhi. "Tausi, samahani," akasema. "Kwa nini ulikuwa peku?"

Tausi akamtazama kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo kila aliyewahi kufiwa analijua.

"Kandambili zilikuwa zimejaa mlangoni," akasema. "Zangu mtu alishazivaa akaondoka nazo."

Bi Siti alicheka hadi akashika ubavu, kisha akalia, kisha akanipa kisheti cha mwisho. Nilikila nikiwa nimesimama, halafu nikaketi kuandika tangazo.